Macbeth: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu pale mambo yanapogeuka

Haya ni maswali yanayorudi kila watu wanapoisoma Macbeth ya William Shakespeare, wawe wanafunzi, walimu au wale wanaoishika kwa mara ya kwanza ukubwani. Jibu likigusa jambo lililoelezwa kwingine, nimetaja namba ya swali badala ya kurudia. Tamthilia ina sehemu tano na kila sehemu ina maonyesho yake. Nikiandika 3.4, maana yake ni Sehemu ya 3, Onyesho la 4.

## Mambo ya msingi

1. Kwa kifupi, kinatokea nini?

Macbeth ni jemadari wa Duncan, mfalme wa Uskoti. Akitoka vitani na mwenzake Banquo, anakutana na wachawi watatu wanaomsalimu kwa vyeo vitatu: Bwana wa Glamis, cheo alicho nacho tayari, Bwana wa Cawdor, alichopewa bila yeye kujua, na mfalme ajaye. Banquo anaambiwa hatakuwa mfalme ila atazaa wafalme. Macbeth na mkewe wanamuua Duncan akiwa mgeni nyumbani kwao. Macbeth anatawazwa, kisha anaua tena na tena ili kukilinda alichokipata kwa kuua. Banquo anauawa, mke na watoto wa mkuu mwingine, Macduff, wanauawa, Lady Macbeth anarukwa na akili na kufa, na mwishowe Macduff anakuja na kichwa cha Macbeth mkononi.

2. "Mgeuko" ni nini, na una tofauti gani na kilele?

Mgeuko ni pale mhusika anaposimama njia panda, anachagua, na baada ya hapo kurudi nyuma kunakuwa kugumu au hakuwezekani tena. Kilele ni pale mgogoro unapofika juu kabisa, halafu mambo yakaanza kuporomoka. Tanzia huwa na kilele kimoja, lakini migeuko inaweza kuwa mingi.

Katika Macbeth migeuko inazidi kufupika. Kabla ya kumuua Duncan, anabishana na nafsi yake, anaghairi, anashawishiwa upya, anaona jambia hewani. Kumuua Banquo kunamgharimu mazungumzo na wauaji wa kukodi. Kuiangamiza familia ya Macduff kunamchukua sentensi chache. Muda kati ya wazo na tendo unapungua hadi unakaribia kwisha, na watu anaoshauriana nao wanapungua vilevile. Majibu mengi yaliyo hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo moja.

3. Iliandikwa lini, na kwa nini wakati ule?

Inawekwa karibu na mwaka 1606, na ilichapwa kwa mara ya kwanza 1623, miaka 7 baada ya mwandishi kufa. Mwaka 1603 James, mfalme wa Uskoti, alikuwa amerithi pia kiti cha Uingereza, na kundi la waigizaji la Shakespeare likawa chini ya udhamini wake. Novemba 1605 ikafichuliwa njama ya kulipua bunge kwa baruti mfalme akiwa ndani. James huyohuyo alikuwa ametunga kitabu kuhusu uchawi mwaka 1597. Mfalme Mskoti, kuuawa kwa mfalme, wachawi: watazamaji wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa kwa nini mambo hayo yamekaa pamoja jukwaani.

4. Naweza kuisoma kwa Kiswahili?

Ndiyo. Samuel Mushi aliitafsiri kwa jina la Makbeth, ikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1968. Ni miaka ileile ambayo Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri zake mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Jaribu kwanza maktaba za vyuo.

## Kabla ya damu

5. Je, wachawi ndio waliomfanya Macbeth aue?

Hapana. Rudi 1.3 usome walichosema: wanatamka vyeo, basi. Hawataji jambia, wala usiku, wala Duncan. Wazo la kuua linatoka kwa Macbeth mwenyewe, muda mfupi tu baada ya mkuu mmoja, Ross, kumletea habari ya Cawdor, na linamtisha hadi nywele zinamsimama na moyo unamgonga mbavu. Palepale anajiambia kwamba ikiwa bahati inataka awe mfalme, basi bahati na imvike taji yeye akiwa ametulia. Huo ulikuwa uamuzi mzuri kabisa. Angeushikilia, tamthilia ingeishia hapo.

Kipimo ni Banquo. Amesikia maneno yaleyale, na onyo lake ni kwamba nguvu za giza humwambia mtu ukweli kidogo ili zimnase kwenye jambo kubwa. Si kwamba yeye hana tamaa, katika 2.1 anakiri kuwa amewaota wale wachawi usiku uliotangulia. Ila haui mtu.

Msomaji wa kwetu huja na picha ya uchawi kama kitu anachofanyiwa mtu, kwamba fulani karogwa. Hapa hakuna aliyerogwa. Mmoja wa wachawi wenyewe, akipanga kumtesa baharia aliyemuudhi kupitia mkewe, anakiri kuwa chombo cha baharia huyo hakiwezi kuzamishwa, kitapigwa dhoruba tu. Uwezo wao una mpaka, na mpaka huo umetajwa kabla hata Macbeth hajaingia jukwaani.

6. Kwa nini kutangazwa kwa Malcolm kunahesabiwa kuwa mgeuko?

Kwa sababu ndiko kunakofunga njia ya kungoja. Katika 1.4 Duncan, akiwa na furaha ya ushindi, anamtangaza mwanawe mkubwa Malcolm kuwa mrithi. Kabla ya hapo Macbeth angeweza kujipa moyo kwamba taji litamjia lenyewe. Sasa kuna mtu mbele yake kwenye foleni, na anasema kando kwamba hicho ni kidato ambacho ama ajikwae aanguke, ama akiruke.

Onyesho hilo lina kinaya ambacho wengi hukipita mbio. Duncan anazungumzia yule Bwana wa Cawdor wa zamani, msaliti aliyetoka kuuawa kwa amri yake, na anasema hakuna elimu ya kusoma moyo wa mtu usoni. Maneno hayajakauka mdomoni, Macbeth anaingia. Duncan anampokea kwa shukrani tele, na jioni hiyo anakwenda kulala kwake.

7. Kati ya Macbeth na mkewe, nani alaumiwe zaidi?

Swali hili huamsha ubishi kuliko yote, na mara nyingi hujibiwa kwa kumtupia mwanamke mzigo. Tazama mpangilio wa matukio. Macbeth alishawaza kuua katika 1.3, mkewe akiwa bado hajajua lolote. Ndiye aliyeandika barua. Ndiye aliyekuja na kurudia habari ya mjumbe kwamba Duncan anafika leo.

Mchango wa Lady Macbeth ni mwingine: anaondoa kusita. Akisoma barua anahofia kwamba mumewe ana huruma mno, na anaziomba pepo zimwondolee ulaini wa kike ili asirudi nyuma. Mtu anayeomba kuondolewa huruma ni mtu aliye nayo. Usiku wa mauaji anakiri kuwa angemchoma Duncan yeye mwenyewe, isipokuwa mzee yule alivyolala alifanana na baba yake. Huruma aliyoomba iondolewe haikuondoka, na inamrudia katika 5.1 (swali la 22).

8. Ni kweli Macbeth alikuwa ameghairi?

Ndiyo, na kwa maneno bayana. Katika 1.7 anatoka mezani mgeni wake akiwa bado anakula, anasimama peke yake na kuzihesabu sababu za kutoua: mimi ni jamaa yake, mimi ni raia wake, mimi ni mwenyeji wake, ninayepaswa kumfungia muuaji mlango na siyo kushika jambia mwenyewe. Tena Duncan ametawala kwa upole. Upande wa pili wa mizani hakuna kitu isipokuwa tamaa. Mkewe anapomfuata anamwambia kwamba hawataendelea na shughuli hii.

Lady Macbeth habishani na hata sababu moja kati ya hizo. Anahamisha hoja: je, wewe ni mwanamume au si mwanamume? Anamwita mwoga, anamkumbusha ahadi, anasema angekuwa ameapa kama alivyoapa yeye angemnyofoa mtoto titini na kumpasua kichwa. Macbeth anauliza, na tukishindwa? Ukisikia swali hilo jua mambo yamekwisha. Hajauliza tena kama ni haki. Anauliza kama itawezekana. Mkewe anajibu kwa mpango: walinzi wa chumba cha mfalme watanyweshwa hadi wazime, na lawama zitakuwa zao.

Kwa maoni yangu hakuna onyesho lililofungwa vizuri kuliko hili katika tamthilia nzima.

## Usiku wa mauaji

9. Kwa nini Duncan hauawi mbele ya watazamaji?

Ili tuyaone mauaji kwa masikio ya mkewe na kwa mikono ya mumewe. Katika 2.2 Lady Macbeth amesimama anasikiliza, anashtuka bundi akilia. Macbeth anatoka akiwa na damu. Mazungumzo yao yanakatika vipandevipande: umesikia kelele? Lini? Sasa hivi. Nikishuka? Kinachomsumbua Macbeth muda huo ni kwamba watu wawili waliamka wakasali, akashindwa kuitikia "Amina", neno likamkwama kooni. Na kwamba alisikia sauti ikisema usingizi umeuawa, Macbeth hatalala tena.

Kwa mkono wake mwenyewe, mtu pekee tunayemwona Macbeth akimuua jukwaani ni kijana Siward, katika vita vya mwisho. Damu nyingine yote tunaletewa habari zake, au inamwagwa na watu aliowatuma.

10. Kwa nini majambia yanazungumziwa sana?

Kwa sababu ndilo kosa la kwanza la kiutendaji. Yalitakiwa yabaki juu, karibu na walinzi, lakini Macbeth ameshuka nayo mkononi bila kutambua. Mkewe anamwambia ayarudishe, awapake damu wale waliolala. Anakataa katakata: anaogopa hata kufikiria alichokifanya. Basi anayachukua mwanamke. Anarudi na mikono myekundu, anasema maji kidogo yatatusafisha. Wakati huohuo mumewe anatazama mikono yake na kuona kwamba ingeigeuza bahari nzima kuwa nyekundu.

Hapo wanandoa wanapishana. Mwanaume anayehofu leo atazidi kuwa mkavu, na mwanamke aliye mkavu leo atazama. Na muda huohuo mlango unagongwa.

11. Bawabu mlevi anafanya nini katikati ya tanzia?

Anachelewesha kufungua, na kuchelewa huko kunazidisha taharuki. Anajifanya bawabu wa jehanamu na kuwakaribisha wageni wa kubuni, mmojawao akiwa mtu wa kauli mbili, anayeapa pande zote. Watazamaji wa 1606 walielewa: mwaka huo padre Henry Garnet alishtakiwa kuhusiana na ile njama ya baruti (swali la 3), na suala la kusema kauli mbili lilijadiliwa sana katika kesi yake. Kauli mbili ndizo zitakazommaliza Macbeth (swali la 19).

12. Kwa nini Macbeth aliwaua walinzi, na je, mkewe alizimia kweli?

Kuwaua walinzi hakukuwa kwenye mpango. Anadai alishikwa na hasira za mapenzi kwa mfalme. Faida yake ni dhahiri, maana waliokufa hawahojiwi. Hasara yake ni kwamba Macduff anamuuliza palepale mbele ya watu: kwa nini ulifanya hivyo? Shaka ya kwanza inazaliwa hapo. Malcolm na ndugu yake Donalbain wanatoroka asubuhi hiyohiyo, mmoja Uingereza, mwingine Ayalandi, na kutoroka kwao kunawafanya waonekane wahalifu.

Kuhusu kuzimia, maandishi hayaamui. Anaweza kuwa anamwokoa mumewe asiendelee kueleza mno. Anaweza pia kuwa amezidiwa, maana ni mara ya kwanza anasikia mumewe akiua bila kumshirikisha. Mwongozaji huchagua.

## Katikati: Banquo na karamu

13. Macbeth ameshapata taji. Banquo wa nini?

Sababu ni mbili. Banquo alikuwepo wachawi walipozungumza, kwa hiyo anajua, na mwanzoni mwa 3.1 anasema kando kuwa anahofia Macbeth alicheza mchezo mchafu. Pili, ikiwa watoto wa Banquo ndio watakaorithi, basi Macbeth aliichafua roho yake kwa faida ya ukoo wa mtu mwingine.

Tofauti na Duncan ni kubwa. Safari hii anatuma watu, na mkewe hajui. Anapouliza nini kitafanyika, katika 3.2, anajibiwa kwa upole: usijue, mpenzi, mpaka utakapolishangilia tendo lenyewe. Ni sentensi ya mahaba, na inamtoa mkewe nje ya ndoa yao ya siri. Tangu hapo Macbeth hana tena mtu wa kumshauri, wa heri wala wa shari.

14. Kwa nini kuponyoka kwa Fleance, mwana wa Banquo, kunatiliwa uzito?

Hadi 3.3 kila Macbeth alichokipanga kilifanikiwa. Kinachoanzia hapo kinaharibika. Banquo anashambuliwa giza likiingia, karibu na ikulu. Mwenge unazimika, naye akifa anampigia mwanawe kelele akimbie, aishi alipe kisasi. Fleance anakimbia. Onyesho lina mistari michache tu, na liko karibu na katikati kabisa ya tamthilia.

Habari inamfikia Macbeth mlangoni mwa ukumbi wa karamu, muuaji akiwa bado na damu usoni. Banquo amelala mtaroni na majeraha 20 kichwani. Na Fleance? Ameponyoka. Macbeth anasema homa yake imerudi. Nyoka mkubwa amekufa, mdogo hana meno kwa sasa.

15. Yule muuaji wa tatu ni nani?

Wauaji waliokodiwa walikuwa wawili. Katika 3.3 anatokea wa tatu, nao wanashangaa. Anasema katumwa na Macbeth. Watu wamemdhania Macbeth mwenyewe, Ross, hata mtumishi wa ikulu. Dhana ya kwamba ni Macbeth inagonga mwamba katika 3.4, maana anaposikia Fleance kapona anababaika kweli, na yuko peke yake na muuaji. Hana wa kumwigizia. La kushika ni hili: ameanza kuwapeleleza hata watu wake wa kazi chafu.

16. Kwa nini karamu (3.4) ndiyo huitwa kilele?

Kwa sababu siri inatoka hadharani. Tazama onyesho linavyoanza: Macbeth anawaambia wakuu waketi, kila mtu anajua cheo chake na kiti chake. Ni ufalme uliopangika. Anataka kuketi, anasema meza imejaa. Lennox, mmoja wa wakuu, anamwonyesha, hapa pana nafasi, bwana wangu. Wapi? Hapa. Na pale amekaa Banquo, nywele zimeganda damu, haonwi na mtu mwingine. Macbeth anaanza kumfokea mtu asiyekuwepo: huwezi kusema ni mimi. Kila mkuu mezani amesikia.

Mkewe anajaribu kuokoa jahazi. Anasema ni maradhi ya tangu ujana, anamnong'oneza ile hoja yake ya zamani ya uanaume, na safari hii haifanyi kazi. Mwishowe anawafukuza wageni: msijali nani atangulie kutoka, nendeni tu. Ule utaratibu wa viti na vyeo ulioanza onyesho haupo tena.

Wakibaki wawili, usiku umekaribia alfajiri, Macbeth anataja kwamba Macduff amekataa kuja na kwamba ana jasusi katika kila nyumba ya mkuu. Halafu anasema ameshaingia kwenye damu hadi mahali ambapo kurudi kunachosha sawa na kuvuka. Hasemi haiwezekani kurudi. Anasema inachosha.

17. Mzimu wa Banquo ni wa kweli au ni mawazo ya Macbeth?

Chapa ya kwanza, ile ya 1623, inaagiza mzimu uingie na kuketi kwenye kiti cha Macbeth. Simon Forman, aliyeitazama tamthilia hii ukumbi wa Globe mwaka 1611, aliandika kuwa mzimu wa Banquo ulikuja ukakaa kitini. Kwa hiyo alikuwepo mwigizaji. Waongozaji wengine hukiacha kiti kitupu ili sisi pia tuone wanachoona wageni. Ukikiacha kitupu, unamwona mgonjwa. Ukimweka mtu, unakuwa mgonjwa pamoja naye. Mimi napendelea mtu.

18. Na Hecate?

Huyu ni bibi mkuu wa wachawi, na unaweza kumruka. Inaaminika na wengi kwamba vipande vyake viliongezwa na mtunzi mwingine wa tamthilia, Thomas Middleton. Havigeuzi kitu katika msuko.

## Kuporomoka

19. Mizuka mitatu ilimdanganya?

Haikusema uongo hata mara moja. Katika 4.1 Macbeth, ambaye safari hii kawafuata wachawi kwa miguu yake, anaonyeshwa kichwa kilichovaa kofia ya vita kinachomwonya juu ya Macduff. Mtoto mwenye damu anayesema hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru. Na mtoto mwenye taji na tawi la mti mkononi, anayesema hatashindwa mpaka msitu wa Birnam upande kilima cha Dunsinane, penye ngome yake. Picha zenyewe zinafichua maana: kichwa kilichokatwa, mtoto wa damu, tawi mkononi. Yeye anasikiliza maneno tu. Kisha anauliza swali ambalo wachawi wanamshauri asiulize, anaonyeshwa wafalme wanane wa uzao wa Banquo.

20. Kwa nini kuuawa kwa familia ya Macduff ni mgeuko wa aina yake?

Kwa sababu hakuna hesabu ndani yake. Duncan alikuwa na taji. Banquo alikuwa na siri na unabii. Mke wa Macduff na watoto hawana chochote, na Macduff mwenyewe ameshafika Uingereza. Macbeth anapoambiwa hivyo, mwishoni mwa 4.1, anajilaumu kwa kuchelewa: tangu leo kitu cha kwanza kuzaliwa moyoni ndicho kitakuwa cha kwanza mkononi. Linganisha na yule mtu wa 1.7.

Matokeo yake ni kinyume cha alichotaka. Ameshamtengeneza mtu ambaye hatatulia mpaka amuue yeye, na si kwa sababu za siasa peke yake.

21. Onyesho la Uingereza (4.3) ni refu na linachosha. Linafaa nini?

Nusu ya kwanza inachosha kweli, sitabisha. Malcolm anajisingizia uzinzi, uroho na kila uovu ili aone kama Macduff ni jasusi. Macduff anavumilia, anavumilia, mpaka anakata tamaa na nchi yake, na hapo ndipo anaaminiwa. Inatuonyesha udhalimu ulikofikisha watu: hata mkimbizi hawezi kumwamini mkimbizi mwenzake.

Lakini ngoja Ross aingie. Macduff anamuuliza habari za mkewe. Wazima. Na watoto? Wazima pia. Ross ameshindwa kulitamka, anazungukia habari za vita kwanza, halafu ndipo anasema. Macduff anauliza mara ya pili, na ya tatu: wote? Umesema wote? Malcolm anamhimiza akabili hilo kama mwanamume. Macduff anajibu kwamba atafanya hivyo, ila lazima pia alihisi kama mwanamume. Uanaume ambao Lady Macbeth aliutumia kama fimbo katika 1.7 unapata maana nyingine hapa.

22. Lady Macbeth alibadilika lini? Tunamkuta tu akitembea usingizini.

Hatuonyeshwi. Anatoweka baada ya karamu na kurudi 5.1 akiwa mgonjwa, taa kando yake usiku kucha kwa amri yake mwenyewe. Daktari na mtumishi wa kike wanamwangalia akisugua mikono. Yule aliyesema maji kidogo yatatosha (swali la 10) anasema marashi yote ya Arabuni hayatautia mkono huu harufu nzuri. Anashangaa mzee yule alikuwa na damu nyingi vile. Na anauliza yuko wapi sasa mke wa Bwana wa Fife, yaani mke wa Macduff. Habari hiyo hakushirikishwa kuipanga, lakini imemfikia na ameibeba.

23. Mbona Macbeth halii mkewe anapokufa?

Katika 5.5 anasikia vilio vya wanawake na kusema amesahau karibu kabisa ladha ya hofu. Akiambiwa malkia amekufa, anazungumzia kesho na kesho na kesho, maisha kama hadithi ya mwendawazimu yenye kelele isiyo na maana. Hana nafasi ya kumaliza wazo hilo: mjumbe anaingia kusema ameona msitu ukitembea. Askari wa Malcolm wamekata matawi ili kuficha idadi yao.

24. Macduff hakuzaliwa na mwanamke?

Alitolewa tumboni kwa kupasuliwa kabla ya wakati wake. Macbeth akisikia hivyo anasema hatapigana. Macduff anampa njia ya kuishi: jisalimishe, utatangazwa kwa picha juu ya mti kama kituko. Macbeth anakataa na kupigana akijua atakufa. Ni uamuzi wake wa kwanza baada ya muda mrefu ambao hautokani na unabii wowote.

## Maswali ya pembeni

25. Mtihani unauliza: mgeuko mkuu ni upi? Nijibuje?

Chagua mmoja, utetee kwa matukio, na usijibu kwa methali. Mimi ningechagua kuponyoka kwa Fleance pamoja na karamu inayofuata, kwa sababu ndipo bahati inapogeuka na siri inapofumuka (14, 16). Anayechagua 1.7 ana hoja nzito pia, kwamba baada ya hapo mengine ni matokeo. Anayechagua 4.1 atazungumzia dhamiri zaidi ya msuko. Kinachopoteza alama ni kuitaja yote kwa mstari mmojammoja.

26. Macbeth alikuwepo kweli?

Ndiyo. Alitawala Uskoti kuanzia 1040 hadi 1057. Duncan wa historia aliuawa vitani, hakuchomwa kitandani, na Macbeth alikaa kitini miaka 17, akafika hadi Roma mwaka 1050. Aliuawa Lumphanan, na aliyemrithi kwa muda mfupi ni mwana wa kambo, Lulach. Shakespeare alitegemea kitabu cha historia cha Raphael Holinshed, ambamo Banquo ni mshirika katika kumuua Duncan. Mfalme James alijihesabu kuwa wa uzao wa Banquo, na katika tamthilia Banquo ana mikono safi.

27. Fleance anaishia wapi?

Haonekani tena. Taji linakwenda kwa Malcolm, na Donalbain naye hayumo katika jeshi la kaka yake. Mkuu mmoja, Caithness, anaulizia katika 5.2, na Lennox anamjibu kuwa hayupo. Unabii juu ya uzao wa Banquo unabaki unadai. Waongozaji wengine huiongezea tamthilia onyesho la kimya mwishoni ili kumrudisha mmojawapo, lakini katika maandishi halimo.

28. Muda ni mfupi. Nisome maonyesho gani?

1.3, 1.7, 2.2, 3.4, nusu ya pili ya 4.3, kisha 5.1 na 5.5. Ukiweza, 2.2 isomeni watu wawili kwa sauti, bila kupumzika kati ya mistari mifupi.